Kiharusi Kisichopooza Mkono

Wengi wetu hapa Moshi tunakijua kiharusi kwa mdomo kupinda na mkono kulegea. Kipo kingine ambacho hakionekani kirahisi. Mzee anaamka, anatembea, anashika kikombe vizuri, lakini amezubaa. Anauliza mgeni wa jana alikuwa nani, anajibiwa, baada ya dakika chache anauliza tena. Akila, anamaliza ndizi za upande wa kulia wa sahani. Za kushoto anaziacha kana kwamba hazipo. Nyumbani wanasema ni uzee, wengine wanasema karogwa, na siku zinapita.

Ukimpiga picha ya ubongo unaweza kukuta mshipa mdogo umeziba au umevuja damu ndani kabisa, kwenye thalamasi.

Thalamasi ni mbili, kushoto na kulia, kila moja ina urefu wa takriban sentimita 3. Tunachokiona, kukisikia na kukigusa hupitia humo kabla ya kufika kwenye gome la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Harufu tu ndiyo hailazimiki kupita hapo. Zamani ilielezwa kama stendi ya mabasi, abiria anashuka huku na kupanda kule. Maelezo hayo hayatoshi kabisa. Nyuzi za neva zinazoshuka kutoka kwenye gome kuirudia thalamasi ni nyingi mno: ubongo haukai ukingoja habari, unaagiza ipi ipewe nafasi na ipi inyamazishwe. Pia thalamasi imeungana na hipokampasi, inayojenga kumbukumbu. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kutibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini hadi anafariki mwaka 2008 alishindwa kukumbuka matukio mapya, ingawa alizungumza na kufikiri vizuri.

Mishipa inayolisha sehemu hizi za ndani ni myembamba sana, na presha isiyotibiwa huichakaza kimyakimya. Kwa hiyo wazee wetu wapimwe presha hata wakijisikia wazima.

Mabadiliko ya akili yakija ghafla, mpelekeni mzee hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kuche. Mwambieni daktari ni saa ngapi mara ya mwisho alionekana yuko sawa. Bebeni dawa zake zote za presha, na kama alikuwa ameziacha, semeni bila kuogopa kugombezwa.