Alzheimer na jeni: nini hasa kinachorithiwa?

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni hali ambayo kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga mambo hudhoofika hadi mtu anashindwa kujihudumia. Huweza kuletwa na viharusi vidogo vidogo, miongoni mwa sababu nyingine, lakini kinara ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote.

Mwaka 1901 huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumfuatilia mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Alipofariki mwaka 1906, daktari alichunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mabonge nje ya seli za neva na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli hizo. Leo tunajua mabonge yale ni protini ya beta-amiloidi, na nyuzi ni protini ya tau, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuimarisha vijia vya usafirishaji ndani ya seli. Tau ikiharibika, usafirishaji hukwama na seli hufa. Sehemu zinazotunza kumbukumbu mpya huumia mapema. Ndiyo maana bibi atakutajia waliocheza ngoma kwenye harusi yake, lakini hakumbuki kama ameshakunywa chai.

Je, unarithiwa? Swali hili lina majibu mawili, na watu huyachanganya.

Zipo jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na hitilafu fulani karibu kila mara huleta ugonjwa, tena mapema, na kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Hao ni wachache mno, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa. (APP iko kwenye kromosomu ya 21, ambayo watu wenye hali ya Down wanazo tatu badala ya mbili, hivyo wana nakala ya ziada ya jeni hiyo. Wengi wao hupata Alzheimer wakiwa bado si wazee.)

Ukoo mkubwa zaidi unaojulikana wa aina hii uko Antioquia, Kolombia. Hitilafu yao ya PSEN1 huanza kuwasahaulisha wakiwa na miaka arobaini na kitu, na kabla daktari Francisco Lopera hajawafuatilia, wapo waliodhani ni laana. Kisha akapatikana mama mmoja wa ukoo huo aliyefika miaka ya sabini na akili zake timamu. Ubongo wake ulijaa amiloidi, ila tau ilikuwa kidogo. Alikuwa na badiliko la nadra, kutoka kwa baba na kwa mama, katika jeni nyingine kabisa: APOE.

APOE ndiyo inayotuhusu wengi. Ina aina tatu za kawaida, na ile ya E4 huongeza hatari bila kumhukumu mtu. Kwa Wazungu, nakala moja huipandisha takriban mara tatu, na mbili mara nane au zaidi, ila wapo wenye nakala mbili waliozeeka bila kuugua, na wagonjwa wengi wasio nayo. Kwa Waafrika, E4 ni ya kawaida lakini makali yake ni madogo. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo ulionekana hafifu sana. Kwa hiyo anayepima APOE akiwa Mombasa au Mwanza asisome majibu yake kwa jedwali lililotengenezwa kwa damu za Wazungu.