Dodoma hadi baharini kwa pikipiki: maneno ya kijiweni na ukweli wa barabarani

Kila nikisema kijiweni Majengo, hapa Dodoma, kwamba nateremka Bagamoyo kwa pikipiki, ushauri unakuja bure na kwa wingi. Punguza upepo wa matairi. Beba dumu la mafuta. Pumzisha injini kila kilomita 50. Baadhi ya washauri hao hawajawahi kuvuka Kibaigwa wakiwa juu ya pikipiki, ila hilo halijamzuia mtu yeyote kushauri.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 400: Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, halafu unakata kona Msata kuelekea baharini. Nimeifanya mara tano kwa Boxer ya cc 150, na makosa yangu mengi yalitokana na kudhani ni safari moja. Kumbe ni mbili: ya nchi kavu iliyo juu, na ya nchi ya jasho na chumvi iliyo chini. Dawa ya huku mara nyingi ndiyo ugonjwa wa kule.

"Dodoma ni jangwa, mvua haituhusu"

Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka. Hiyo ni nusu jangwa, si jangwa, na tofauti yake utaijua siku utakayosimama kwenye ukingo wa korongo lililojaa. Karibu mvua yote hiyo inamwagika kati ya Desemba na Aprili, kwa vishindo, juu ya ardhi ngumu isiyonywa haraka. Korongo ambalo asubuhi watu walichota mchanga wa kujengea, mchana linashuka na maji ya mvua iliyonyesha milimani, mahali ambapo wewe hukuona hata wingu. Januari 2014 mafuriko yalilibeba daraja la Magole kule Dumila, na barabara ya Dodoma na Morogoro ikakatika. Kwa hiyo kama unapita njia ya vumbi kipindi hicho na maji yanayokimbia yamefika magotini, zima pikipiki, kaa kivulini usubiri. Maji ya korongo hushuka upesi kama yalivyokuja.

Kalenda ndiyo inayowaponza wengi zaidi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, pwani wana miwili: vuli, takriban Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mei hapa watu wanavuna, anga ni jeupe, unafunga mzigo ukiimba. Unafika Chalinze unakutana na masika yanayomalizia hasira zake. Novemba ni kinyume chake. Unaondoka Dodoma na vumbi puani, joto la kukaanga, koti la mvua umeliacha nyumbani kwa sababu nani anabeba koti la mvua Novemba? Vuli inakujibu njiani. Miezi ambayo pande zote mbili ni kavu ni Juni hadi Septemba, na hiyo nayo ina kasoro yake.

"Tunateremka, kwa hiyo mafuta yatakwenda kidogo"

Hii niliiamini mwenyewe. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Bagamoyo iko sifuri. Mtoto wa shule atakuambia ni mteremko mtupu. Lakini piga hesabu ya fizikia: pikipiki, mtu na mzigo, tuseme kilo 230, kushuka mita 1,120 kunakuokolea chini ya nusu lita ya petroli kwa safari nzima. Nusu lita!

Upande wa pili wa mizani kuna kusi. Upepo huo hutoka kusini mashariki, na huvuma kwa nguvu zaidi katika miezi ileile niliyokusifia. Wewe unaelekea mashariki. Maana yake unapigwa kifuani na ubavuni kutoka Chamwino na kuendelea, na kila lori la Rwanda au Kongo linalopishana nawe linakusukuma kofi moja la nyongeza. Mafuta ya upepo huo ni mengi kuliko yale uliyookoa kwa mteremko. Dawa ni kuondoka saa 12 asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, na kutokimbizana. Ukiongeza mwendo kidogo tu dhidi ya upepo, geji ya mafuta inashuka kama umetoboa tanki.

Dumu la akiba kwenye barabara hii sioni kazi yake. Kibaigwa kuna sheli, Gairo kuna sheli, Dumila na Morogoro pia. Kufunga petroli kwenye chupa ya maji nyuma ya mgongo wako, juani, ni kujitafutia balaa. Na ile inayouzwa kwa chupa vijijini huwezi kujua imechanganywa na nini.

"Lami ya moto? Punguza upepo, tairi lisipasuke"

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii iliniacha kando ya barabara.

Safari yangu ya pili, mtu ninayemheshimu alinibonyezea valvu ya tairi la nyuma hadi akaridhika. "Joto litajaza lenyewe." Hoja yake haikuwa ya kijinga: upepo ukipata joto hutanuka kweli, kama PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Ila waliotengeneza tairi wanalijua hilo, ndiyo maana kipimo walichoandika ni cha tairi lililopoa, asubuhi, kabla hujaondoka. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapogusa lami, linajikunja na kujinyoosha mamia ya mara kwa dakika, na huko kujikunja ndiko kunakozaa joto. Unapunguza upepo kuogopa joto, unalitengeneza joto lenyewe.

Baada ya Gairo, kwenye ule mteremko wa kuelekea Dumila, nilihisi mkia wa pikipiki unacheza. Nilisimama nikaligusa tairi, kiganja hakikukaa. Valvu ilikuwa imelala upande kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tairi likilegea, huteleza kidogokidogo juu ya ringi kila unapotia gesi au kufunga breki, na linaivuta tyubu pamoja nalo, wakati valvu imeshikwa na tundu la ringi. Mwisho wake ni kuchanika pale mzizi wa valvu, na mchaniko huo hauzibiki kwa kiraka. Nilikuwa na viraka sita na gundi. Tyubu ya akiba sikuwa nayo. Tangu hapo natembea nayo ya nyuma, ya mbele, pampu ya mkono na geji ndogo.

Kupunguza upepo kuna mahali pake: kwenye mchanga mzito, mwendo wa taratibu, kwa muda mfupi. Ukirudi kwenye lami unajaza kabla hujatia gia ya tatu.

"Pikipiki ya bara haiwezi pwani"

Inaweza, tena vizuri zaidi. Hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini hula hewa kabla ya petroli. Ukishuka, injini inapata hewa nzito, nguvu zinaongezeka. Huna haja ya kubadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, labda kurekebisha kidogo sailensa, yaani mngurumo wa injini usipotia gesi.

Ila kuna mtego. Wengi hapa mjini wamepeleka pikipiki kwa fundi "abane mafuta". Mchanganyiko uliobanwa Dodoma, ukifika kwenye hewa nzito ya pwani, unazidi kukosa petroli, na injini inayokosa petroli inapata moto. Fungua plagi uitazame: kahawia kama chai ya maziwa ni salama, nyeusi yenye masizi inakunywa kupita kiasi, nyeupe kama jivu inaungua. Ukiona nyeupe Morogoro, mwambie fundi afungulie.

Kuhusu kupumzisha injini kila kilomita 50: injini ya kupozwa kwa upepo hupoa pikipiki inapotembea. Inapata taabu kwenye foleni na kwenye mlima ukiwa na mzigo na gia kubwa. Wa kupumzika ni wewe. Injini yenyewe inataka oili iliyofika kiwango, ipimwe kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima, si imelala kwenye stendi ya pembeni.

"Sitoki jasho, kwa hiyo sina kiu"

Unatoka jasho, hulioni tu. Kwenye ukavu wetu, tena ukipigwa na upepo, jasho linakauka kabla halijalowesha shati. Unafika Kibaigwa kichwa kinauma, unadhani ni kelele za injini. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Vaa koti la mikono mirefu hata kama ni joto. Fulana inakufanya ujisikie poa huku jua na upepo vinakukausha kama nyama. Kunywa kidogokidogo njiani, usisubiri kumeza chupa nzima kituoni, na kula kitu chenye chumvi.

Kiu ya njia hii si ya leo. Misafara ya zamani iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo ilipita hukuhuku Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kupita na kuchota maji, enzi hizo neno hilo likimaanisha ushuru wa njia. Kati ya Ugogo na Mpwapwa kulikuwa na kipande kikavu kilichoitwa Marenga Mkali, maji machungu. Kwa kawaida wapagazi walianza kutembea alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijakomaa.

Ukifika chini mambo yanageuka. Hewa ya pwani imeshajaa unyevu, jasho halikauki, linatiririka bila kukupoza. Lile koti lililokusaidia asubuhi sasa linakupika, kwa hiyo fungua zipu, punguza mwendo, pumzika mchana.

Usiku je, si kuna baridi? Kuna baridi, kuna ng'ombe, na kuna malori yaliyoharibika yasiyo na taa, yamewekewa matawi ya miti barabarani. Mimi usiku siingii barabara ile. Na anayekupigia hesabu kwamba kilomita 450 hadi Dar ni saa sita, muulize amevihesabu vibao vya 50 vijijini, na tochi za trafiki za kupima mwendo zinazovisubiri?

"Vumbi ndilo linaloua pikipiki"

Vumbi linakula cheni, ndiyo, hasa ukiipaka oili nyingi inayolishika na kuligeuza msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, futa, paka kidogo, futa tena. Lakini vumbi unaliona. Chumvi huioni.

Bagamoyo mwenzangu alitaka picha na majahazi, akaingia ufukweni wakati maji yamekupwa. Mchanga uliolowa ni mgumu, ukaendesheka kama lami. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, na kipindi hicho tofauti ya maji kupwa na kujaa pwani yetu hupita mita 3. Akaegesha, tukaenda kula pweza. Tuliporudi stendi ilikuwa imezama, pikipiki imelala, na maji yanairamba spoku. Tuliiosha kwa maji yasiyo na chumvi jioni ileile, mimi ya kwangu nikaona haina shida, haikuguswa na bahari.

Mwezi mmoja baadaye, hapa Majengo, taa yangu ya breki iligoma. Fundi akafungua soketi ya waya: ndani kulikuwa na unga wa kijani. Upepo tu wa siku tatu pale pwani. Akakwangua kwa msasa, akapaka grisi, akadai shilingi 2,000. Ndiye yuleyule aliyenipunguzia upepo wa tairi. Akanyanyua macho akaniuliza kama angalau nilirudi na samaki.