Ushawishi si rushwa, wala si kilio

Wiki hii nimemsikia tena mtu akisema chama fulani cha wakulima "kimewashawishi wabunge", na alipofika kwenye neno hilo akashusha sauti, kana kwamba kuna bahasha ya khaki iliyotembea. Nimelisikia hivyo mara nyingi mno, na naona ni wakati wa kulitetea.

Ushawishi, katika siasa, ni kazi ya kikundi chenye maslahi yake kuwaendea watunga sheria kwa hoja ili sheria iandikwe, ibadilishwe au isipite. Basi. Kinachotusumbua ni historia ya neno lenyewe.

Shawishi linatokana na Kiarabu, shawwasha, yaani kuvuruga. Mpaka leo Waarabu huita tashwish zile kelele zinazoingilia matangazo ya redio. Lilipofika kwetu likahamia moyoni: anayekushawishi amekuvuruga nia. Wakatoliki wamelisali vizazi na vizazi, "usitutie katika kishawishi", na aliyekua na sala hiyo akisikia mbunge ameshawishiwa, picha inayomjia ni ya nyoka na tunda. Simlaumu. Waingereza walipata bahati ya neno lisilo na dhambi: lobi ni ukumbi tu, ule wa nje ya chumba cha Bunge, ambako raia aliweza kumngoja mbunge wake. Mtu wa Lamu angeuita daka, mahali mgeni anapopokelewa bila kuingia ndani.

Rushwa nayo ni ya Kiarabu, lakini ilipita njia nyingine kabisa. Watunzi wa kamusi wa kale waliihusisha na rishaa, kamba ya kuteremshia ndoo kisimani. Mwenye kiu ya jambo anateremsha kamba, anavuta, anapata maji yake. Kamba haihitaji hoja. Mshawishi akishindwa kukubadilisha mawazo anarudi kwao mikono mitupu, ila mtoa rushwa hana haja na mawazo yako hata kidogo. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaadhibu manufaa yanayotolewa ili mtu apindishe kazi yake, na hoja haina kosa.

Na mlango wa hoja upo. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza Dodoma hupelekwa kwenye kamati, kamati inawaita wadau watoe maoni, na baadaye mbunge aliyekubali hoja yako anaweza kuleta jedwali la marekebisho. Juni 2018, Muswada wa Sheria ya Fedha ulitaka ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie Mfuko Mkuu wa Hazina, ilhali asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa imetengwa irudi kuendeleza zao. Kwa mkulima anayepambana kila msimu na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hiyo ni habari ya salfa, dawa ya kuuzuia, itapatikana au haitapatikana. Wabunge wa Mtwara na Lindi, inakolimwa korosho, waliibeba hoja ya wakulima wakabishana na Serikali waziwazi, wakashindwa. Ule ulikuwa ushawishi, na kushindwa kwake hakukuubadilisha jina.

Kinachoniuma zaidi ni jina tunalowapa wakulima wenyewe. Wanunuzi na wenye viwanda wakifika mbele ya kamati, tunasema wametoa "maoni ya wadau". Wakulima wakifika palepale, wameshika hesabu za gharama ya kilo moja, tunaandika "kilio cha wakulima". Anayelia hupewa pole, akaambiwa arudi nyumbani.

Wachaga hawakulia. Miaka ya 1920 walowezi walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa Kilimanjaro. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza mwaka 1926, Wazungu wasio watumishi wa serikali walikuwa na viti vyao humo, na Mwafrika hakuwamo hata mmoja mpaka 1945. Wakulima walikuwa wameshaunda chama chao mwaka 1925, Kilimanjaro Native Planters Association, wakakitumia kuitetea kahawa yao mbele ya wakoloni, bila kiti na bila kura. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU, na mibuni ilikuwa bado mikononi mwao.

Kwa hiyo ukisikia kwamba MVIWATA, mtandao wa wakulima wadogo ulioanzishwa Morogoro mwaka 1993, umepeleka mapendekezo yake kwenye kamati ya Bunge, sema umekwenda kushawishi, na uliseme neno kwa sauti yako ya kawaida. Siku bahasha itakapotembea kweli, iite rushwa.