Kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe hakiishi siku ya sindano

Kila kampeni ya upimaji inapoanza, malalamiko yanayofika ofisini kwetu huwa ni yale yale. Mfugaji anasema: "Ng'ombe wangu anakula, ananenepa, maziwa hayajapungua, halafu mnaniambia aondolewe." Uchungu huo tunauelewa. Mimi binafsi nimesimama kwenye mazizi mengi nikimweleza mtu kwamba ng'ombe anayemtegemea ndiye aliyeitikia kipimo, yaani ngozi yake imeonyesha maambukizi na lazima aondolewe achinjwe, na sijawahi kuizoea kazi hiyo. Hata hivyo, hoja ya kwamba ng'ombe anaonekana mzima haina nafasi katika ugonjwa huu. Mycobacterium bovis, kimelea kinachousababisha, hukaa mwilini miezi, pengine miaka, kabla mnyama hajakonda au kukohoa. Ukisubiri akohoe, umeshawaachia ugonjwa wenzake waliokuwa wakila naye hori moja.

Kwanza nieleze tunachokifanya zizini, maana hapo ndipo mengi huharibika. Mnyama huingizwa kwenye kibanio, namba ya hereni yake husomwa na kuandikwa. Shingoni hunyolewa sehemu mbili, moja juu na nyingine chini yake. Kwa kifaa maalumu tunapima unene wa ngozi ya kila sehemu kwa milimita, kisha tunachoma tubekulini (protini zilizotolewa kwenye vimelea vya kifua kikuu) ndani ya ngozi yenyewe: ya vimelea vya ndege juu, ya vimelea vya ng'ombe chini. Dozi ni kama mililita 0.1, na mkono uliozoea huhisi kivimbe kidogo kama punje kuthibitisha kwamba dawa haikupita ikaingia chini ya ngozi. Ya ndege huwekwa kwa makusudi. Wapo vimelea wengine wa jamii hiyo ambao ng'ombe hukutana nao bila kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, na bila ulinganisho huo tungewaondoa wanyama wasio na kosa.

Tunarudi baada ya saa 72. Si siku iliyofuata, wala si wiki ijayo mfugaji akipata nafasi. Uvimbe huchukua muda kujengeka na huanza kushuka muda wake ukipita, kwa hiyo kipimo kilichosomwa nje ya wakati hakisomeki kabisa. Tunashika mkunjo wa ngozi pale pale na kuupima upya. Mara nyingine hakuna hata haja ya kifaa: sehemu ya chini imevimba, ina joto, mnyama anavuta shingo ukigusa. Kwa tafsiri ya kawaida, uvimbe wa chini ukizidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, mnyama ameitikia. Ukizidi kwa milimita 1 hadi 4, jibu halijakamilika, naye hutengwa na kupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Hatumpimi keshokutwa kwa sababu mwili uliochomwa tubekulini hupunguza mwitikio wake kwa muda, na kipimo cha haraka kingetupa unafuu wa uongo.

Ndiyo maana sheria hukataza kumhamisha, kumuuza au kumchinja mnyama yeyote kati ya sindano na usomaji. Hapa niseme wazi, kwa sababu tunakutana nalo karibu kila kampeni: kumpeleka mnyama mmoja kwa ndugu "mpaka wataalamu waondoke" ni kosa, na kundi zima huhesabika kuwa halijapimwa. Zuio la kuhamisha mifugo linabaki. Vibali vya kusafirisha havitolewi. Katika nchi zinazolipa fidia, mfugaji aliyechelewesha kipimo au kuvunja zuio anaweza kukatwa sehemu kubwa ya fidia, mbali na faini au mashtaka mahakamani. Kubadilisha hereni ni kosa zito zaidi, kwa sababu huo ni udanganyifu. Uingereza ilipopata ushahidi kwamba baadhi ya ng'ombe walioitikia walibadilishwa na wasiotoa maziwa mengi, mwaka 2011 ilianza kuwawekea walioitikia hereni inayochukua sampuli ya DNA, ili anayefika machinjioni athibitishwe kuwa ndiye aliyepimwa.

"Kipimo chenu kinakosea," tunaambiwa. Kweli hakijakamilika, lakini kinakosea upande ambao wengi hawaudhani. Kwa takwimu zinazotumika Uingereza, kati ya ng'ombe 5,000 wasio na maambukizi, kama mmoja tu ndiye atakayeitikia kimakosa. Wanaotuponyoka ni wagonjwa: karibu mmoja kati ya watano anaweza kupita bila kuonekana. Kwa sababu hiyo tunapima kundi lote na kulirudia. Kwa utaratibu wa huko, zuio huondolewa baada ya vipimo viwili mfululizo visivyo na aliyeitikia, vikiachana siku 60. Mfugaji akiuliza kwa nini tumerudi wakati mgonjwa ameshaondoka, jibu ni hilo.

Wengine hushika ripoti ya machinjio isemayo hakuna vidonda vilivyoonekana, wakaona wamedhulumiwa. Mkaguzi hukata tezi za koo na za kifua kwa kisu. Tezi iliyoathirika ina uvimbe wa manjano kama jibini, na mara nyingine kisu hukwaruza kana kwamba kimepita kwenye mchanga. Kidonda kichanga, kidogo kuliko kichwa cha sindano, jicho haliwezi kukipata. Kutoonekana si kutokuwepo.

Matibabu hayaruhusiwi, na hili wafugaji huliona kama ukatili. Tiba ingehitaji dawa kadhaa kwa miezi mingi, masalia yake yakaingia kwenye maziwa na nyama, mnyama akiendelea kuwa hatari, na vimelea vikijifunza usugu wa dawa ambazo binadamu anazihitaji. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, tayari haina nguvu dhidi ya M. bovis kwa maumbile yake. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, nayo humfanya ng'ombe aitikie kipimo cha kawaida cha tubekulini, ndiyo maana nchi nyingi hazijairuhusu kwa mifugo.

Maziwa ya mnyama aliyeitikia hayaendi kwa watu wala kwa ndama. Kwa kundi lililobaki chini ya zuio, yapashwe joto la nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na nyumbani yachemke kabisa. Kuyagandisha yawe mtindi hakutoshi, tafadhali. Uchachu hauaminiki kuua vimelea hivi, na watoto ndio hulipa kwa tezi za shingo kuvimba.

Utaratibu huu hufanya kazi pale unapofuatwa miaka mingi bila kuruka. Marekani ilianza mwaka 1917, wakati karibu asilimia 5 ya ng'ombe wake walikuwa na ugonjwa, na leo ni nadra kuukuta. Australia ilianza kampeni yake mwaka 1970 ikatangaza kuumaliza mwaka 1997. New Zealand na Uingereza bado zinahangaika, kwa sehemu kwa sababu ya wanyamapori wanaoubeba, na huko vipimo havijaachwa.

Siku ya kupimwa, tuambie ng'ombe yupi amezaa karibuni na yupi amechomwa dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe), kwani wote wawili wanaweza kutoitikia hata wakiwa wagonjwa. Andaa kibanio imara na orodha ya hereni. Na mnyama akifa au akilazimika kuchinjwa ndani ya zile saa 72, piga simu kabla mzoga haujafukiwa, tuje tuzikague tezi zake.