Maji ya AC miguuni si gesi inayovuja

Zulia la gari upande wa abiria wa mbele likilowa, wengi huambiwa gesi ya AC inavuja, wakalipia kujaziwa. Sivyo. Gesi ya R-134a, inayotumika kwenye AC za magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri; ikivuja hupotea hewani, haiachi dimbwi.

Yale ni maji ya unyevu wa hewa, yanayojikusanya juu ya evapoleta (kifaa cha AC kinachopoza hewa) nyuma ya dashibodi, kama jasho kwenye chupa ya soda. Hushukia kwenye trei, yakatoka chini ya gari kwa bomba dogo la mpira. Matone hayo chini ya gari, hasa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, ni dalili njema.

Mpira ukizibwa na vumbi au majani, trei hufurika. Tafuta ncha yake chini ya gari, mara nyingi karibu na ukuta unaotenga injini na abiria. Ingiza waya laini wa plastiki taratibu, sentimita chache tu. Ukilazimisha utatoboa evapoleta, na hapo gesi itavuja kweli. Ukitumia upepo wa kompresa ya gereji kuzibua, uwe mdogo, maana presha kubwa huchomoa mpira kwenye trei. Uchafu ukitoka, maji meusi humwagika kwa kishindo, kwa hiyo kaa pembeni. Washa AC dakika 15 uone yanadondoka, kisha nyanyua zulia na sponji yake ukaanike juani.

Maji yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu tamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita ya ndani ya gari: kazi nyingine kabisa.