Mkataba wa kutengana: nakala yako iko wapi?

Wateja wanaokuja ofisini kwangu hapa Mombasa huuliza mengi kuhusu yatakayoandikwa kwenye mkataba: watoto wakae na nani, kodi ya nyumba ya Kisauni ilipwe na nani, gari libaki kwa nani. Saini zitiwe vipi na karatasi ilale kwa nani, ni nadra kusikia mtu akiuliza. Na ugomvi ukizuka mwaka mmoja baadaye, karatasi ndiyo inayotafutwa.

Kwanza mjue kwamba mkataba huu hauvunji ndoa. Mmekubaliana kuishi mbalimbali, basi. Mliofunga ndoa ya kanisani au ya serikali bado ni mume na mke mpaka korti itoe talaka. Waislamu wana mlango wao: kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka pale pande zote ni za Kiislamu na zimekubali kwenda mbele yake.

Tuje kwenye saini. Mimi huchapisha nakala tatu, na zote hutiwa saini kwa wino: moja ya mke, moja ya mume, moja ya faili langu. Haitiwi saini nakala moja tu halafu nikatoa fotokopi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ushahidi kinasema hati ikitiwa saini kwa nakala kadhaa, kila moja ni ushahidi wa asili. Mwenye fotokopi hubidi aeleze kwanza ile ya asili imekwenda wapi, na wakili wa upande wa pili hatamrahisishia. Mali bila daftari, hupotea bila habari.

Kila ukurasa uwekwe herufi za mwanzo za majina ya wote wawili, pamoja na ule ulioorodhesha vyombo vya nyumbani. Ukurasa wa saini usikae peke yake bila kipengele chochote cha mkataba, kwa maana huo ni rahisi kuchomolewa na kubandikwa kwingine. Shahidi awe mtu asiye na faida yoyote ndani ya makubaliano. Shemeji mwenye hasira hafai.

Mikataba mingi yetu bado huandikwa kwa Kiingereza. Kama mmoja hakisomi, asomewe kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na iandikwe papo hapo nani alimsomea na kwamba ameelewa. Tena kila mmoja awe na wakili wake. Wakili aliyelipwa na mume ni wa mume, hata akikukaribisha chai.

Mume akiwa melini au mke akiwa kazini Dubai, nakala zote hutumwa kule, zisainiwe mbele ya mthibitishaji wa hati au ofisa wa ubalozi wa Kenya, kisha zirudi kwa kampuni ya vifurushi. Husikia mara nyingi, "Wakili, mimi ninayo kwa simu." Picha ya ukurasa wa mwisho kwenye WhatsApp haisemi kurasa nyingine ziliandikwa nini.

Kuhusu watoto, korti haifungwi na mliyoandika. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele na kuwapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wawe wameoana au la.

Sasa, umepoteza yako. Watu hukimbilia masjala ya korti kuomba mkataba ambao haukuwahi kupelekwa kule. Kama uliwasilishwa ndani ya kesi na hakimu akaupitisha, hapo umekuwa amri ya korti: nenda na nambari ya kesi, omba nakala iliyothibitishwa, ulipe ada, na uhakikishe ina mhuri. Kama haukuwasilishwa, mtafute wakili aliyeuandika. Sheria inamtaka aweke jina na anwani yake kwenye hati. Akiwa ni wakili wa mwenzako, wakili wako amwandikie barua. Mwenzako akikatalia hati nanyi tayari mko kortini, hupewa notisi ya kuitoa, na asipoitoa, fotokopi yako inaweza kupokelewa. Iliyopotea kabisa huandikishwa polisi upate abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha umeripoti, kisha uape hati ya kiapo ueleze ilivyopotea. Abstrakti hiyo uichukue mapema, kabla kesi haijapangiwa tarehe.