Databesi Haijafa, Acheni Kuiua

Saa nane usiku, simu. "Kaka, databesi imekufa. Tumeiristati mara nne, haiamki."

Mara nne! Wimbo ni ule ule: umeme umekatika, UPS ilikuwa pambo, seva imewaka, PostgreSQL, yaani databesi yenyewe, inajibu tu kwamba bado inaanza, basi mtu anashika `kill -9`, amri ya kuua programu papo hapo. Naandika hapa ili siku nyingine nitume linki nirudi kulala.

Databesi iliyozimika vibaya hurudi kwenye chekipointi ya mwisho, yaani mahali ambapo mabadiliko yote ya nyuma yalishafika kwenye mafaili ya data, ikatekeleza upya kila badiliko lililoandikwa kwenye WAL (daftari la mabadiliko) tangu hapo; hiyo ndiyo redo. Kazi hiyo hufanywa na prosesi moja, hata seva iwe na kori 32. Ukiiua katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya kwenye chekipointi ile ile. Jamaa zangu walisonga ugali mara nne na kuumwaga mara nne. Wakati mwingine muuaji ni systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux: kama faili la huduma mlijiandikia wenyewe, uvumilivu wake wa kawaida ni sekunde 90.

Kinachonikera zaidi ni wanaosema "WAL ni kubwa" bila kufungua logi. Angalia muda umeliwa wapi! Kabla ya mstari wa `redo starts at`, PostgreSQL hupitia kila faili kwenye saraka ya data na kuhakikisha limefika kwenye diski. Ukiwa na skima (fungu lake la majedwali) kwa kila mteja, mafaili laki kadhaa, unasubiri hapo na WAL haijaguswa hata kidogo. Dawa yake kwenye Linux ni mpangilio wa `recovery_init_sync_method = syncfs`, kuanzia toleo la 14. Toleo la 15 hata hukuandikia maendeleo kila sekunde 10.

Baada ya mstari wa `redo starts at`, piga `ps`, amri ya kuorodhesha prosesi. Utaona `startup recovering` na jina refu la faili la WAL. Jina likibadilika, databesi inafanya kazi, nenda kachemshe chai. Likiganda, angalia diski kwanza. Na redo ikiisha bado kuna chekipointi ya kufungia, nayo huchukua muda wake.

Itachukua muda gani? Kusema kweli, hukisia tu. Ukihesabu mafaili ya `pg_wal`, saraka ya WAL, utajidanganya, maana mengine ni ya zamani yaliyobadilishwa jina yangoje zamu. Niliwahi kumwahidi mteja dakika tano, tukakaa karibu saa nzima tunatazamana. Hata kupunguza `max_wal_size` ili chekipointi zije karibu karibu sikushauri kwa moyo mweupe: chekipointi zikiwa nyingi, kurasa nzima za data huandikwa kwenye WAL mara nyingi zaidi, nayo inanenepa. Ila kurasa hizo hizo ndizo huharakisha redo, kwa kuwa haihitaji kuzisoma kwanza kutoka diski. Pima kwenye mashine yako.

Na jamani, msifute `pg_wal`. Kabla ya toleo la 10, la mwaka 2017, iliitwa `pg_xlog`. Ikabadilishwa jina kwa sababu watu waliona "log" wakafuta.

Usiku ule niliwaambia waondoe mikono kwenye kibodi. Tukatazama `ps` pamoja, mwisho wa jina la faili ukipanda: C3, C4, C5. Saa kumi kasoro databesi ikaitikia. Asubuhi simu tena: jedwali la vikapu vya wateja ni tupu. Walilitengeneza `UNLOGGED`, yaani lisiloandikwa kwenye WAL, ili liwe na kasi, na jedwali la namna hiyo husafishwa kila databesi ikianguka.